Mita 200 zisizo na mwenyewe

Mama alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga, ndipo nilipojua kuendesha machela. Sikufundishwa na mtu. Muuguzi wa zamu, binti mdogo aliyekuwa na wodi nzima mikononi mwake, alinikabidhi karatasi ya eksirei, akanyoosha kidole kwenye machela iliyoegeshwa kibarazani, akasema, "Kaka, mpeleke mama, ni pale nyuma ya maabara."

Pale nyuma ya maabara palikuwa kama mita 200 hivi. Kibaraza cha saruji, mteremko, mtaro ambao mfuniko wake umebaki nusu, kisha changarawe. Gurudumu moja la mbele lilikuwa na akili zake: ukilipeleka kulia, linatazama kushoto. Mdogo wangu alinyanyua chupa ya dripu kama mtu anayemulika njia kwa karabai, mimi nikasukuma. Tulipofika mtaroni gurudumu likadumbukia. Mama yangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akilalamikia maumivu tangu nipate akili, alipiga ukelele. Nikasimama, nikaanza kuomba radhi. Akanijibu kwa sauti ya chini, macho kayafumba, "Endesha, mwanangu. Usinisimamishe njiani."

Hospitali siitaji, kwa kuwa sina ugomvi na hospitali moja. Ninachotaka kukijadili ni zile mita 200. Kwa muda wote tuliokuwa njiani mama hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Wodi ilikwisha kumtoa, eksirei haijampokea. Daktari aliyeagiza picha ana jina lake kwenye faili, muuguzi aliyechoma sindano ana sahihi yake kwenye chati, mpiga picha naye ana pa kuandika. Aliyemsukuma hana mstari. Gurudumu lilipodumbukia na mfupa uliovunjika ukasogea, tukio hilo halikuandikwa popote, kwa hiyo kwa hesabu za hospitali halikutokea.

Safari ya pili ilikuwa siku ya upasuaji. Safari hii nilikuwa mjanja zaidi: getini palikuwa na kijana mmoja wa kandambili na fulana ya mpira, ndugu wa wagonjwa wakamwita, nami nikamwita. Elfu mbili. Kabla hajagusa kitu alizunguka machela, akaitingisha, akaangalia magurudumu. Akamfunika mama miguu kwa kanga, akaibana kanga chini ya godoro ili upepo usiifunue. Mtaroni alisimama, akamwambia mdogo wangu, "Shika huku, inua kidogo tu, usivute." Tukavuka, mama hakusema neno. Nilimuuliza kijana amejifunzia wapi. Akaniambia stendi, kwenye mizigo ya mabasi ya Kigoma na Mpanda. Nikamuuliza kama kuna tofauti. "Ipo," akasema. "Gunia haliumii."

Kijana yule hakuwa mwajiriwa wa hospitali, hakuwa na glavu, na hakuna aliyejua jina lake. Ndiye mtu aliyemhudumia mama yangu vizuri kuliko wote siku ile, ukiniuliza mimi. Na hospitali inayomtegemea mtu wa aina hiyo bila kumtambua ina tatizo ambalo halitibiwi na jengo jipya.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba haya yanatokea Tabora. Kama kuna mji nchini usiopaswa kufundishwa namna ya kubeba, ni huu. Karne ya 19, Unyanyembe, yaani eneo la Tabora hii, ilikuwa njia panda ya misafara: anayekwenda Ujiji, anayekwenda Karagwe, anayerudi Bagamoyo, wote walipita hapa, na waliobeba mizigo yao kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi. Watu wengi wakisikia neno mpagazi huwaza mtumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa kulipwa. Walipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, wakalipwa kwa merikani, kitambaa cha pamba, na bidhaa nyingine, na posho ya nafaka ilipimwa kwa kibaba kila siku. Neno posho analolisubiri kila mtumishi wa umma akienda semina lina historia ndefu kwenye njia hiyo. Mzigo ulikuwa na kipimo chake, frasila 2 hivi, yaani kilo kama 30, na mwenye msafara aliyezidisha angeamka asubuhi akute mizigo imelala chini na wabebaji wameondoka. Mbele alitangulia kirangozi, ambaye ndiye aliyejua njia, mahali pa maji na mahali pa kulala. Juu ya vikundi alikuwapo mnyampara, na ni kutokana naye tumebaki na neno nyapara. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo begani alihesabiwa kama hajakua bado.

Ilikuwa fani, kwa ufupi, yenye vyeo, kanuni, malipo na fahari. (Wapo wanaosema hata jina la mji lilitokana na matobolwa, viazi vya kukausha vilivyoshibisha misafara. Kama si kweli, basi ni uongo mtamu.)

Na misafara hiyo ilibeba wagonjwa. Neno machela lenyewe limetujia kutoka kwa Wareno, na lilianza kama kitanda cha kuning'inia kwenye mti unaobebwa mabegani. Mwaka 1858 msafiri wa Kiingereza, Richard Burton, alikwenda kuliona Ziwa Tanganyika akiwa hawezi kusimama, miguu imekufa kwa homa, alibebwa. Miaka 15 baadaye mmisionari na msafiri David Livingstone, katika wiki zake za mwisho kwenye maeneo ya mabwawa ya Bangweulu, alibebwa kwenye kitanda cha miti hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, akafa hapo Mei 1873. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza safari ya kuelekea pwani.

Kuna sehemu ya safari hiyo inayohusu Tabora moja kwa moja, na ningependa isimuliwe zaidi kwenye shule zetu. Walipofika Unyanyembe mnamo Oktoba 1873 walimkuta Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wazike mwili hapa hapa na kumaliza taabu. Wakakataa. Mbele kidogo wakapata habari kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite kwao. Wakatengeneza maiti ya bandia ya mabua, wakaiviringa vizuri, wakawatuma wenzao wairudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa kitambaa. Ukapita. Februari 1874 wakaukabidhi Bagamoyo.

Sisimulii haya kumsifu Mzungu aliyebebwa. Nawatazama waliobeba. Miezi 9 ya kuamua: njia ipi, tukutane na nani, tufungue mzigo wapi, tudanganye lini. Mwenye nguvu za mikono peke yake asingefika hata Tabora.

Fani hiyo ikafa haraka. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na behewa moja likafanya kazi ya mamia ya mabega. Kisha vita ya 1914 hadi 1918 ikaleta upagazi wa aina nyingine, wa kukamatwa kijijini na kufungwa kamba, kwa Wajerumani, kwa Waingereza, na kwa Wabelgiji walioingia Tabora Septemba 1916. Makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa kwa njaa, kuhara na kuchoka. Dar es Salaam imebaki na jina la Kariakoo, lililotokana na jeshi la wabebaji, na wengi wanaonunua nguo pale hawajui wanakanyaga kumbukumbu ya nani. Tangu hapo kubeba kukawa kazi ya aliyekosa kazi. Mtu akitaka kukuonyesha kwamba umemdharau atakuambia yeye si mchukuzi wako.

Waingereza, kinyume chake, walilibakiza neno. Yule ambaye vitabu vyao vya safari vilimwita 'porter' alipokuwa anatoka Unyanyembe na pembe begani, leo kwenye hospitali za London yupo kwa jina hilohilo, ana sare, ana redio ya mkononi, ana zamu, na kazi yake ni kuhamisha wagonjwa, sampuli, mitungi ya gesi na maiti. Marekani naye yupo, kwa cheo chake mahususi. Sisi tuliobeba hata wagonjwa wao tumebaki na kijana wa kandambili getini.

Kisheria na kiutumishi, atakuambia katibu wa afya, kazi hiyo ina mwenyewe: mhudumu wa afya. Ni kweli kada hiyo ipo. Lakini mhudumu huyohuyo anapiga deki, anamwogesha asiyejiweza, anamlisha, anapeleka sampuli maabara, anafuata vifaa, anafua, na mgonjwa akifariki anamtunza. Usiku anaweza kuwa mmoja kwa wodi mbili. Kumwambia mtu mwenye kazi saba kwamba kazi ya nane nayo ni yake ni kusema kwa adabu kwamba haina mwenyewe.

Namfahamu mzee mmoja wa kada hiyo, katika hospitali moja ya misheni, ambaye kwa miaka mingi amejichagulia hiyo ya nane. Wauguzi wakisikia magurudumu yake yanakuja wanapumua. Nimewahi kukaa naye mchana mzima kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, na kila alipoitwa nilimfuata. Nilidhani nitajifunza juu ya kusukuma. Kusukuma kulikuwa kama robo tu ya mambo.

Kwanza hamuulizi mgonjwa, "Wewe ndiye Fulani?" Anamuuliza, "Baba, jina lako nani?" kisha anasoma faili. Aliyelewa dawa au aliyechanganyikiwa kwa homa atakubali jina lolote utakalomtajia. Mwenye akili zake atajitaja. Huko duniani watu wameshafanyiwa upasuaji usio wao kwa sababu ya swali lililoulizwa vibaya. Mzee hajasoma takwimu hizo. Anasema aliwahi kuamini kichwa cha mgonjwa kinachotikisika, akafika nusu ya njia na mgonjwa asiye wake.

Halafu anatazama mirija. Mfuko wa mkojo lazima uwe chini ya kibofu wakati wote, la sivyo mkojo unarudi ulikotoka na uchafu wake. Lakini usiburuzwe sakafuni. Ndugu wa mgonjwa, kwa kutaka usafi, huuweka juu ya tumbo la mgonjwa pamoja na kitenge. Chupa ya mrija wa kifuani nayo ikae chini ya kifua, na mtu asiibane mrija kwa kudhani anasaidia. Dripu ndiyo inayokaa juu. Mdogo wangu alikuwa sahihi kwa hiyo moja.

Mtungi wa oksijeni ndio ulionikalisha chini nikapiga hesabu naye. Mtungi wa lita 10, mshale wa presha ukisoma 100, una gesi kama lita 1,000. Mgonjwa akiwa anavuta lita 10 kwa dakika, ana dakika 100. Mshale ukisoma 20, ana dakika 20. Sasa fikiria mgonjwa amepelekwa kwenye picha, akakuta foleni, mtaalamu ametoka kidogo, lifti haipo au imeharibika. Dakika 20 ni chache mno. Ndugu anayesukuma anaona mtungi, anaona ni mkubwa na ni wa chuma, anatulia. Mzee anausoma mshale kabla hajafungua breki.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua hamlazi chali. Anamlaza ubavu wa kushoto, au anamwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya kiuno upande wa kulia, kwa sababu uzito wa mtoto ukiugandamiza mshipa mkubwa wa damu nyuma yake, mama anaishiwa nguvu akiwa njiani na watu wataanza kusema amerogwa. Aliyetoka kuchomwa sindano ya ganzi ya mgongo hajui miguu yake iko wapi. Ukipita mlangoni bila kutazama, mguu ulioning'inia unagonga fremu na mwenyewe hasikii chochote. Anayedhaniwa kuumia uti wa mgongo hainuliwi na watu wawili kama gunia la karanga. Wanahitajika wanne, wanamgeuza kama gogo moja, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Hata daktari akiwapo, mwenye kichwa ndiye kirangozi.

Kupanda mteremko, kichwa kitangulie. Kushuka, miguu itangulie, na msukumaji abaki upande wa kichwa. Kiti mwendo ni kinyume: kushuka nacho unakigeuza, wewe unatangulia kinyumenyume, mgonjwa akitazama alikotoka. Breki zifungwe kabla mtu hajapanda au kushuka, na vikanyagio vikunjwe, maana wengi huanguka wakivikanyaga kuinuka. Na machela ikitumika ifutwe kwa maji ya klorini kabla ya kumpokea mwingine. Hili la mwisho ndilo linaloachwa kwanza watu wakiwa na haraka, na haraka ni ya kila siku.

Ukiyakusanya yote haya, hayahitaji chuo cha miaka mitatu. Wiki mbili au tatu za mafunzo ya dhati, na mtu wa kumfuata kwa mwezi mmoja, zinatosha. Hapo ndipo ninapokosana na wale wanaojibu kila hoja ya afya kwa kusema bajeti haitoshi.

Tupige hesabu ya mfano. Wodi ina wagonjwa 30. Kwa siku kuna safari 10 za kwenda na kurudi: eksirei, thieta, ultrasaundi, maabara, kuhamishia wodi nyingine. Kila safari nusu saa pamoja na kusubiri. Hizo ni saa 5. Kama anayesindikiza ni muuguzi, zaidi ya nusu ya zamu ya saa 8 ya mtaalamu aliyesomeshwa miaka mitatu imekwenda kibarazani. Kama ni ndugu, umeokoa saa hizo lakini umemweka mgonjwa mikononi mwa mtu kama mimi. Kuna njia ya tatu, na ndiyo iliyo ya kawaida: mgonjwa hapelekwi. Anaambiwa kesho. Thieta inasimama ikimsubiri mgonjwa wa kwanza aliye mita 150 kutoka mlangoni, daktari wa usingizi anakunywa chai, na orodha ya siku inakatwa kutoka chini. Wa chini kwenye orodha ni yule aliyetoka Sikonge au Kaliua juzi, ambaye nduguze wanalala nje chini ya miembe na chakula chao kimekwisha.

Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikanunulia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT, zile za kupiga picha za ndani ya mwili. Nilifurahi kama kila mtu. Kabla ya hapo mgonjwa wa kichwa wa mkoa huu alipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na ndugu waliuza ng'ombe kwa ajili ya safari. Lakini mashine ile haiwezi kumfuata mtu kitandani. Tumenunua kwa mabilioni kitu kinachoingiliwa kwa machela yenye gurudumu bovu. Hakuna waziri atakayekuja kukata utepe kwa ajili ya gurudumu, na sidhani kama atamkatia utepe msukumaji, kwa hiyo vitu hivi viwili havionekani kwenye mipango.

Na hoja ya fedha ina kasoro nyingine. Hospitali nyingi hulipa kutoka mapato ya ndani kampuni ya ulinzi na kampuni ya usafi. Tumeona ni halali kumlipa mtu alinde geti usiku, na mwingine afyeke majani. Hakuna aliyesema ndugu wa wagonjwa wafyeke. Kama kuna fungu la majani, kuna namna ya kupata fungu la watu wanne au watano wa kuwahamisha wagonjwa, wanawake wakiwamo, kwa zamu, wakiwa na simu moja ya kuitiwa na daftari moja la kuandika: nani, kutoka wapi, saa ngapi, mtungi ulisoma ngapi. Sitaki wapewe mzabuni anayebadilisha watu kila mwezi. Mtu akizoea mteremko wa hospitali yake na tabia za machela zake, abaki hapo.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi wa siku nyingi, alisoma rasimu ya makala haya akanicheka. "Wewe hujui wagonjwa," akaniambia. "Mgonjwa anataka asukumwe na mwanawe. Ukimleta mgeni na sare, anadhani anapelekwa kufa." Ana haki kwa kiasi. Hapa kwetu kuuguza ni kazi ya ukoo, na mwenye ndugu kumi hospitalini anajisikia mtu. Lakini hata yeye alinyamaza nilipomuuliza juu ya wakwe. Mama mtu mzima, amevaa gauni la thieta linalofungwa nyuma, ndugu pekee aliyepo ni mume wa binti yake. Ambebe mkwewe? Amshike wapi? Nimemwona mwanaume akisimama pembeni ya machela ametazama ukuta, na bibi ametazama ukuta wa upande wa pili, wote wawili wakisubiri mpita njia yeyote. Mwenye sare angewaondolea aibu hiyo kwa dakika moja. Ndugu akae ubavuni, ashike mkono wa mgonjwa, azungumze naye. Mpini ashike anayelipwa kuushika.

Cha ajabu ni kwamba nje ya geti tumeshakubaliana. Mpango wa m-mama umeweka namba 115 ya bure: mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, kituo cha kuratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo karibu anaitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, naye analipwa safari yake. Yaani serikali na wadau walikaa wakakubali kwamba barabara ni sehemu ya tiba, na anayeendesha awe na jina, namba na malipo. Gari likishaingia getini, mlango wa nyuma ukafunguliwa, utaratibu wote unakomea hapo. Dereva anauliza, "Jamani, nani anashusha?"

Yule mzee wa misheni nilimuuliza mzigo gani ni mgumu kuliko yote. Nilitegemea aseme mgonjwa mnene, au aliyeungua moto. Akasema ni machela tupu. Ukitoka kumpeleka mtu mochwari unarudi peke yako, mbele ya wodi zote, na machela isiyo na mtu inagonga kila kiungo cha saruji. Wagonjwa wanausikia mlio ule hata usiku, na wanajua. Asubuhi wanaulizana ni nani. Kwa hiyo yeye ana blanketi moja zito la kijivu analolitandika kwenye chuma akiwa anarudi, na anakwenda taratibu, machela inapita kimya kama ina mtu.

Nikadhani ni blanketi la hospitali. Akacheka. Alilinunua mwenyewe, mnadani.